Barua nilishapata, kwa therapisti bado naenda

Tulikuwa Sinza, kibanda cha chips, mi na mshkaji wangu, zege tumeshaila nusu, afu akanitupia swali huku anahangaika na kijiti mdomoni. "Kaka, we si barua ulishapewa? Sindano unachoma. Sauti ndo hiyo imeshuka. Sasa yule mama therapisti wa Nairobi unamlipa ya nini tena?"

Nikacheka. Nikasema mambo mengine bwana hayaishi.

"Hapana, niambie. Maana hapo ni sawa na mtu ana leseni mfukoni afu kila Alhamisi yuko chuo cha udereva analipa ada."

Nikageuza stori, tukahamia Simba na Yanga. Ila lile swali likanifuata nyumbani. Wiki zimepita, niko kwenye mwendokasi nimebanwa mlangoni nalifikiria, nafua nalifikiria. Na sio kwamba alikuwa ananidharau, yeye mwenyewe ni transi kama mimi (mimi nilizaliwa nikaitwa msichana, ni mwanaume), homoni hajaanza, anatafuta pa kuanzia na hela ya kuanzia, kwa hiyo kwake barua ya kuruhusiwa homoni ndo mwisho wa reli. Kilichonikera ni kwamba sikuwa na jibu, na Alhamisi ilipofika nikalipa tena.

Stori ya kukariri

Barua yangu niliipatia Cape Town, nikiwa nasoma. Kliniki niliyoenda ilitaka mtu wa saikolojia aandike kwamba najielewa, ndo daktari anipe testosteroni, ile homoni ya kiume. Nikaenda nimejipanga. Stori niliikariri kabisa: tangu mdogo nacheza mpira na wavulana, gauni la Idi navalishwa kwa bakora, siku ya kuvunja ungo nililia mpaka macho yakavimba. Yote kweli. Ila kuna vitu niliviacha makusudi. Sikusema kwamba nilikuwa napenda kupakwa hina. Sikusema kwamba madrasa nilikuwa naongoza kaswida na nilikuwa naringa nayo sauti yangu. Niliogopa hina itaninyima barua.

Baadaye nikaja kusoma kwamba huu mchezo una umri kuliko mama yangu. Mwaka 1966 hospitali ya Johns Hopkins kule Marekani ilifungua kliniki ya watu kama sisi, na mwaka huohuo daktari Harry Benjamin akatoa kitabu kinachoeleza mtu wa aina hii anakuwaje. Wagonjwa wakakisoma. Wakawa wanaingia kwa madaktari na stori ileile ya kitabuni, madaktari wanashangaa mbona wote wanafanana, ikachukua muda kugundua kwamba kitabu kimesomwa na pande zote mbili.

Mwongozo wa kwanza wa matibabu ukatoka 1979, ulitolewa na chama kilichobeba jina la huyohuyo Benjamin, ndo hiki leo kinaitwa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transi, na kwa miaka mingi mtu wa saikolojia ndo alikuwa ameshika kila kitu. Taratibu wakaanza kulegeza. Toleo la saba, la 2011, likasema wazi kwamba kukaa kwenye therapi sio sharti la kupata dawa, japo tathmini ilibaki. Kule kusini mwa Afrika, mwongozo wa 2021 wa Southern African HIV Clinicians Society, chama cha wahudumu wa afya wa huko, unataka mtu mzima aelezwe faida na madhara, akielewa anaamua mwenyewe. Toleo la nane la WPATH, 2022, kwenye upasuaji likatosheka na barua moja pale zilipokuwa zinatakiwa mbili. Na mwaka huohuo orodha mpya ya magonjwa ya WHO, ICD-11, ikaanza kutumika, humo hali yetu imetolewa kwenye kundi la magonjwa ya akili ikahamishiwa kwenye afya ya ngono.

Mi yote haya nayafurahia. Ila nadhani ndo yamezaa lile swali la Sinza, maana kama therapi ilikuwa ni kizuizi tu, basi kikiondolewa unarudi kufanya nini?

Kwangu imekuwa kinyume. Mtu mwenye uwezo wa kukunyima dawa humwambii kila kitu, utakuwa mjinga ukimwambia.

Siku nilipopata mtu asiye na cha kuninyima ndo nikaanza kuongea.

"Mpe simu mwenyewe"

Testosteroni inashusha sauti ndani ya ule mwaka wa kwanza, na ikishashuka imeshuka. Ukiacha sindano, mafuta ya mwili yanaweza kurudi yalipokuwa, hedhi inaweza kurudi, lakini sauti na ndevu ndo umeshachukua. Nilielezwa, nikasaini, nikawa naisubiri kwa hamu. Siku mama akapiga, nikasema "Shikamoo mama," kimya, afu nasikia, "We nani? Mpe simu mwenyewe." Alidhani nimeibiwa simu! Nilicheka mpaka nikakaa chini, furaha gani ile. Nikamdanganya ni mafua.

Muda ukaenda, shangazi akaja kuweka kwenye grupu la familia video ya maulidi ya zamani. Mimi niko mbele, mtandio mweupe, naongoza. Ile sauti. Nyembamba, haitetereki, inapanda mpaka wenzangu wanabaki njiani. Usiku nikavaa earphone nikaisikiliza, nikalia, nikairudisha mwanzo, nikalia tena.

Najuta?

Sasa hilo swali unampelekea nani. Kwenye grupu letu la washkaji huwezi kusema umekimisi kitu cha zamani, utaulizwa unataka kurudi nyuma, na wala hawaulizi kwa ubaya, watu wanaogopa. Nje ya grupu ndo kabisa, kuna watu wanaisubiri hiyo sentensi moja tu waizungushe mjini kwamba mnaona, tuliwaambia. Kwa hiyo shaka ya mtu transi haina pa kukaa. Unaibana humohumo pamoja na kifua.

Alhamisi nikamwambia therapisti. Nilisema harakaharaka afu nikasubiri aandike kitu, ile akili ya Cape Town bado ipo, najua sasa hivi anaandika huyu. Hakuandika. Akauliza na kile Kiswahili chake cha Nairobi, "Mlikuwa mnaimba nini?" Basi saa nzima ikaishia kwenye kaswida, nani alikuwa anapiga dufu, ustadhi alikuwa anatuchapa tukikosea wapi, kwa nini Mbagala walikuwa wanatushinda kila mwaka. Yani nimelipa hela nikamfundisha mama wa Kikristo kaswida.

Wiki iliyofuata ndo akauliza: ungeambiwa kesho asubuhi unaamka nayo ile sauti, ungeichukua?

Nilinyamaza mpaka akadhani bando limekata. Jibu lilikuwa hapana. Hapana ya moja kwa moja. Na bado machozi yanatoka. Nikamuuliza sasa hii inaitwaje, akasema kwani lazima iitwe, umesema hutaki na umesema unailia, vyote nimevisikia. Hakunisukuma kokote. Mtu wa barua angelazimika kuchagua kimoja, maana kwenye fomu kuna nafasi ya kimoja.

Hasira zenye tarehe

Nilikuwa na hasira pia. Sio za kawaida, hasira za kumgombeza mdogo wangu kisa kijiko. Na kila mtu ana maelezo yake, "ndo homoni za kiume hizo, utazoea." Daktari yeye anaangalia damu, na ni sawa aangalie, mwaka wa kwanza inapimwa kila baada ya miezi mitatu hivi, maana testosteroni inaongeza chembe nyekundu na damu ikiwa nzito sana kuna hatari ya kuganda. Majibu yangu yalikuwa safi. Kwenye karatasi ya maabara hakuna mstari wa kijiko.

Therapisti akaniambia kila nikilipuka niweke alama kwenye kalenda ya simu, nisiandike kitu, alama tu. Ilipojaa tukaiangalia wote na zile alama zimejikusanya sehemu mbili. Kundi la kwanza ni siku za mwisho kabla ya sindano. Hiyo ina sababu yake: sindano ile ya mafuta ukiichoma kwa kuachanisha wiki mbili au tatu, homoni inapanda sana siku za mwanzo afu inaporomoka kadiri unavyokaribia nyingine, na kuna watu kule kuporomoka kunawavuruga vibaya. Nikaenda na kalenda yangu kwa daktari, akapunguza dozi akasogeza sindano karibukaribu. Lile kundi likayeyuka.

Kundi la pili likabaki palepale. Jumapili usiku.

Mama huwa anapiga Jumapili jioni.

Hapo daktari hana cha kusogeza. Ndo tukaanza upya, na kusema kweli hiyo ya Jumapili bado hatujaimaliza, kuna wiki inaenda vizuri, kuna wiki naangalia simu inaita mpaka inakata.

Ndani ya gari la watu

Mnajua wenyewe kwa nini sikutafuta mtu wa hapahapa. Yani nilitafuta. Niliyempata alinisikiliza vizuri tu mwanzoni, afu akaniuliza kama nimeshasomewa ruqya, na je, kuolewa nimekufikiria? Hii ya kumkalisha mtu chini ili arekebishike, WPATH wenyewe wanaikataa, lile toleo la 2011 linasema kabisa sio maadili ya kazi. Kwa haki niseme wanasaikolojia wazuri Dar wapo, namjua mtu anaenda kwa mmoja na anamsifia. Shida ni kwamba hujui ni mzuri mpaka uwe umeshafungua mdomo.

Na mji huu kufungua mdomo kuna bei. Kifungu cha 154 cha kanuni ya adhabu hakitaji watu transi popote, kinaongelea kuingiliana kinyume na maumbile, na tangu marekebisho ya 1998 adhabu inafika kifungo cha maisha. Lakini kituoni nani atakaa akusomee vifungu. Mwishoni mwa mwezi wa kumi 2018 mkuu wa mkoa alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga, wizara ya mambo ya nje ilitoa tamko kwamba ule sio msimamo wa serikali, ila watu walikuwa wameshafuta namba kwenye simu zao na wengine wameshahama nyumba.

Kwa hiyo mimi nafanyia ndani ya gari la rafiki, limepaki Mbezi chini ya mti, vioo vimepandishwa kwa sababu watu wanapita. Kiyoyozi siwashi, mafuta ya watu. Homoni naziita vitamini, therapisti namwita bosi, mama naye ana jina lake. Ile nguo ya kubana kifua, inayoshauriwa usiivae zaidi ya masaa nane hivi na usilale nayo, kwenye joto la mwezi wa pili nikiwa nimejifungia mle ndani naivua kabisa natupia shati kubwa, na hapo ndo naongea vizuri zaidi, sijui ni kwa sababu ya therapi au kwa sababu napumua.

Hela inauma, sitadanganya. Kuna miezi nimeruka. Kuna washkaji zangu hawajawahi kwenda na wako poa, na mi siwezi kumwambia mtu anayechagua kati ya kodi na kikao cha simu achague kikao. Alhamisi sio dawa ya kila mtu, na wala sio mbadala wa marafiki. Ila kuna vitu marafiki wanakupenda mno kuweza kuvisikia.

Mume wangu

Bibi mzaa mama, wa Temeke, alikuwa ananiita mke mwenzangu tangu nazaliwa, kama bibi zenu walivyowaita mabinti wa kwenu. Babu alipokuwa hai akirudi na kashata ananipa mimi kwanza, bibi ananuna kwa utani, anasema huyu mke mdogo amenipindua. Kaka zangu ndo walikuwa waume zake, anawadai hela ya matumizi hawajaanza hata darasa la kwanza.

Niliporudi nchini alikuwa ameshaanza kusahau. Watu anawachanganya, mjomba anamwita kwa jina la marehemu kaka yake. Nikaingia chumbani kwake nikasema, "Shikamoo bibi." Akaniangalia sana. Afu akasema, "Marahaba mume wangu. Leo umeniletea nini?"

Mpaka leo sijui. Sijui kama alinielewa, au alinifananisha na kaka, au na babu mwenyewe. Therapisti nilimpelekea hii kesi nikitaka atoe hukumu kwamba bibi alinielewa, basi, tufunge faili. Akakataa. Akauliza, "Wewe ungependa iwe ipi?" Nikamwambia unajua kabisa ningependa iwe ipi. Akasema ndiyo, najua, na mimi sikuwepo chumbani. Nilikasirika nikakata simu saa haijaisha. Hela imeliwa.

Halafu bibi akafariki.

Msiba unajulikana unavyokaa, wanawake ndani na khanga zao, wanaume nje kwenye turubai. Mimi nikajificha kwenye kazi. Kubeba viti, kufuata maji, kufuata mchele sokoni, maana mtu mwenye kazi haulizwi mbona umekaa upande huu. Ilienda vizuri kabisa mpaka jeneza linatoka. Wanaume wakanyanyua, lailaha illallah ikaanza, na mi miguu ikaondoka tu, bibi yangu huyo anaenda. Mjomba akaniita kwa lile jina la zamani, mbele za watu, wala hakufoka, alisema tu, "Rudi ndani kwa wenzio." Nikasimama. Watu wakanipita kushoto na kulia, zamu za kubeba zinapokezana, jeneza likakata kona kuelekea makaburini na mi niko getini na jagi la maji mkononi.

Ile barua ya Cape Town ilijua nini kuhusu mjomba wangu?

Ilisema najielewa, na pale getini nilikuwa najielewa vizuri sana, hakuna siku nimejielewa kama siku ile. Kilichokuwa kinanishinda ni nifanye nini na hao watu ninaowapenda, kesho yake, na arobaini inakuja, na Idi inakuja, na harusi ya binamu inakuja. Kwenye video za watu wa nje wanasema kata mawasiliano, anza maisha mapya na watu wanaokukubali. Bwana, mimi huyo mjomba ndo alinilipia ada ya sekondari. Nikate wapi?

Nilitaka therapisti aseme mjomba amenikosea. Alisema, mapema tu, "Amekukosea." Nikadhani nitapoa. Sikupoa. Ikabidi tuingie kwenye mambo mengine, kwa mfano kwamba sikumpa mjomba hata nusu ya habari ya maisha yangu na namlaumu kwa kutoisoma, kwa mfano kwamba sehemu yangu moja ilishukuru kuitwa pale getini kwa sababu niliogopa kufika kaburini na kusukumwa mbele ya shimo. Hilo la pili sikulijua mpaka nilipolisikia linatoka mdomoni mwangu, ndani ya gari, jasho linatiririka.

Arobaini tukaiandaa. Kweli kweli, tuliiandaa: nitavaa nini, nitafika saa ngapi, nitakaa wapi, na mjomba akija nitasema nini. Yeye akawa mjomba, na lafudhi yake ile ya Nairobi anajifanya mzee wa Temeke, tukacheka mpaka basi, ila tulirudia mpaka sentensi ikakaa. Siku yenyewe mjomba akaja moja kwa moja. Nikasema, "Shikamoo mjomba, mi nasimamia viti huku nje."

"Marahaba."

Akaviangalia viti. Akasema vile vya msikitini mbona havijaletwa. Nikaenda kuvifuata.

Sijui kama hapo kuna kilichobadilika kwake. Kwangu kilichobadilika ni kwamba nilikula pilau ya arobaini ya bibi yangu nimekaa.

Jina

Sasa hivi tuko kwenye jina. Kubadili jina Tanzania inawezekana, unaenda kwa wakili unaandaa hati, inasajiliwa. Jinsia kwenye kitambulisho ni habari nyingine, sheria ya hiyo hatuna. Na vyeti vya shule navyo vina jina la zamani, kila nikiomba kazi naanza kueleza. Therapisti ndo alinikumbusha kwamba kwao, mwaka 2014, Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, transi mwenzetu, cheti kingine chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Nilifurahi kusikia, afu nikakumbuka niko upande gani wa Namanga.

Nataka nifanye hilo la jina mwezi huu. Yeye anauliza haraka ya nini. Mi nasema haraka ni ya kazi, kuna nafasi imetangazwa na inafungwa karibuni, na mtu akiona cheti cha dada na anamhoji kaka hiyo intavyuu imeshaisha. Yeye anasema ya kazi ameielewa, ila hili la jina kwa mara ya kwanza nililitaja wiki ile baada ya msiba, na mama bado hajaambiwa, na hati ikisajiliwa itabidi asikie kwa mtu, je, asikie kwa nani. Nikamwambia hapo unamtetea mama. Akasema hajawahi hata kumuona mama.

Tumeachana bila kukubaliana. Alhamisi ijayo nimeshalipia.